Mfupa Usio na Kwao

Chini ya Flemingdon Park, mtaa wetu wa Toronto, hakuna dinosaria. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu kila kiangazi watoto wa maghorofa yetu hushuka bondeni hadi Mto Don, hurudi na mawe mifukoni, na jioni wazazi huulizwa swali ambalo hata msomi hulikwepa: hili ni la dinosaria? Wengi hulikodolea macho lile jiwe, wakaligeuza, wakalipima uzito mkononi. Jibu kwa sehemu kubwa halimo humo. Limo katika mahali lilipookotwa.

Mwamba uliolala chini ya Toronto, ambao wanajiolojia huuita Georgian Bay, ni tope la bahari ya kina kifupi lililogeuka jiwe zaidi ya miaka milioni 440 iliyopita. Wakati huo nchi kavu haikuwa na mnyama hata mmoja mwenye uti wa mgongo. Dinosaria walikuja baada ya zaidi ya miaka milioni 200. Na juu ya mwamba huo pamelala moja kwa moja udongo, mchanga na kokoto za zama za barafu, ambazo umri wake haufiki miaka 200,000, ilhali dinosaria, ukiwaacha ndege ambao ni uzao wao, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Zama zao zote hazikuacha tabaka hapa. Kama kulikuwa na chochote, mito na barafu vilishakikwangua zamani.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake aufuate mto kuelekea kusini hadi Don Valley Brick Works, kiwanda cha matofali kilichoanza mwaka 1889 na ambacho leo ni bustani ya umma. Sakafu ya shimo lake ilichimbwa katika ule mwamba wa bahari, na ukuta wake wa kaskazini ni udongo wa zama za barafu, tabaka juu ya tabaka. Profesa A. P. Coleman wa Chuo Kikuu cha Toronto aliusoma ukuta huo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kazi yake ikaufanya ujulikane duniani, kwa kuwa ndani yake kuna mabaki ya kipindi cha joto kati ya vipindi viwili vya baridi kali: majani na magogo ya miti inayopenda hali ya hewa ya kusini zaidi, pamoja na biva mkubwa wa kale, Castoroides, aliyekaribia ukubwa wa dubu mweusi. Mwaka 1976 wafanyakazi waliokuwa wakichimba njia ya reli ya chini ya ardhi magharibi mwa mji walikuta pembe za mnyama wa jamii ya kulungu ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Akapewa jina Torontoceros. Umri wake ni kama miaka 11,000. Kwa hiyo mfupa wa kale kweli unaweza kutoka katika ardhi ya Toronto, na mvumbuzi wake anaweza kuwa kibarua mwenye sururu. Wa dinosaria hautatoka.

Mtoto wa Flemingdon anaweza kuwa na nini, basi, mfukoni mwake? Mara nyingi ni kipande bapa cha chokaa chenye alama za kombe ndogo zenye vichirizi, au vijiti vya brayozoa vinavyofanana na matawi yaliyovunjika, au vipingili vya krinoidi, viumbe wa baharini waliosimama kwa shina kama maua. Akibahatika ni mrija ulionyooka wenye vyumba ndani, gamba la ndugu wa kale wa ngisi na pweza. Akibahatika sana ni trilobiti. Vyote hivi ni vikongwe kuliko dinosaria yeyote, na inanisikitisha kuona mtoto akiambiwa kwamba alichookota “si kitu” kwa kuwa tu si dinosaria. Neno moja la tahadhari: sehemu kubwa ya mabonde haya ni bustani za mji, na kuchimba au kubomoa kingo hakuruhusiwi. Tazama, piga picha, weka na rula pembeni ili ukubwa uonekane, kisha uache ukingo kama ulivyoukuta.

Swali la “ni dinosaria wa kweli?” limebeba maswali matatu, na wakusanyaji wengi huyakoroga pamoja. La kwanza ni kama kitu chenyewe ni kisukuku au ni jiwe la kawaida. La pili ni kama kisukuku hicho ni cha dinosaria au cha mnyama mwingine. La tatu ni kama ni kizima jinsi kilivyotoka ardhini au kimeungwaungwa na mikono ya watu. Nyuma ya yote matatu kuna la nne ambalo muuzaji hulipita haraka: kilitoka wapi, na kilitokaje?

Nianze na la kwanza. Kijana wa jirani, ambaye wazazi wake walitoka Bukavu, aliniletea jiwe la mviringo la kijivu linalojaa kiganja, lenye nyufa zilizojazwa madini meupe.

“Papa, hii si yai?”

Nilimpa lenzi ya mkono inayokuza mara kumi nikamwambia atafute ganda. Ganda la yai la dinosaria lina unene wa kupimika, mara nyingi milimita moja hadi tatu, na uso wake una chunusi au mikunjo midogo pamoja na vitundu vya hewa. Ukitazama ukingo uliovunjika unaona mpaka ulio wazi kati ya ganda na kilichojaa ndani. Katika jiwe lake ngozi ya nje na nyama ya ndani vilikuwa kitu kimoja, na zile nyufa zilianzia katikati zikasambaa nje zikizidi kuwa nyembamba, jinsi tope linavyokauka na kusinyaa. Lilikuwa bonge la madini, lililojikusanya lenyewe ndani ya tope. Mabonge ya namna hii ndiyo yanayodhaniwa mayai kila pembe ya dunia. “Sasa nitawaambia nini shuleni?” aliuliza. Nikamwambia awaambie namna ya kulikagua yai, maana hilo sasa alikuwa analijua kuwapita.

Mfupa una dalili zake. Sehemu ya nje ni ngumu na imebana, ya ndani ina matundu mengi kama sponji, na mpaka kati ya hizo mbili huonekana hata kwa macho. Chini ya lenzi utaona vijitundu vilivyopangana kufuata urefu wa mfupa, njia zilizopitisha mishipa ya damu. Jiwe halina mpangilio huo, hata liwe na umbo la paja kamili. Wakusanyaji wengi hutumia ulimi: mfupa wa kale wenye matundu hunata kidogo unapouramba. Ni kipimo cha kweli, lakini udongo wa mfinyanzi uliokauka nao hunata, na mfupa uliojaa madini hadi ndani haunati kabisa, kwa hiyo usikitegemee peke yake. Kwa mifupa inayookotwa kando ya mto wetu, kazi kubwa ni kuutenga wa kale na ule wa ng'ombe au kulungu aliyekufa juzi. Hapo sindano iliyopashwa moto husaidia: mfupa mpya utanuka nywele zinazoungua, kwa kuwa bado una protini, uliogeuka jiwe hautanuka. Na ukiona mfupa unaoweza kuwa wa binadamu, usiuguse. Piga simu polisi.

Swali la pili ni gumu zaidi, na ndilo lililowapa kazi wataalamu kwa miaka mingi. Dinosaria hatambuliki kwa ukubwa. Wapo waliolingana na kuku, na wapo mamba na mijusi wa baharini waliowapita dinosaria wengi kwa uzito. Mosasaria, ambaye meno yake yamejaa masokoni, ni mjusi wa baharini. Wale wenye mabawa ya ngozi, pterosaria, nao si dinosaria. Mtaalamu hutafuta alama katika maungo: tundu la nyonga lililopenya upande wa pili, umbo la kifundo cha mguu, na ukingo mrefu kwenye mfupa wa mkono wa juu ambako msuli ulishikilia.

Mfano mzuri kuliko yote umetoka Tanzania. Katika miaka ya 1930 mifupa michache ilikusanywa katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa nchi: mfupa mmoja wa mkono na pingili kadhaa za uti wa mgongo. Ilikaa makumbushoni kwa miongo mingi. Ni mwaka 2013 ndipo Sterling Nesbitt na wenzake walipoitangaza rasmi kwa jina Nyasasaurus parringtoni, wakiipa umri wa takriban miaka milioni 243. Walikuwa na ule ukingo mrefu wa mkono, na walikuwa na chembe za mfupa zilizopangana kwa namna ya mnyama anayekua haraka, jinsi dinosaria walivyokua. Pamoja na hayo waliandika kwamba huyu ama ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu wa karibu sana wa dinosaria. Waliyaacha yote mawili wazi, kwa kuwa ushahidi uliishia hapo. Ukikutana na muuzaji mwenye kipande cha mbavu kisichotimia urefu wa kidole, naye anakutajia jenasi na spishi bila kusita, kumbuka kwamba watu wenye maabara walichukua miongo kadhaa na bado wakaacha nafasi ya shaka. Kipande kama hicho, hata kiwe halali namna gani, kwa kawaida kinastahili maneno machache tu: mfupa wa dinosaria, aina haijulikani. Mkusanyaji anayeandika hivyo kwenye lebo yake anaaminika zaidi machoni pangu kuliko mwenye kabati lililojaa majina ya Kilatini.

Sasa soko, ambako swali la tatu ndilo kubwa. Bidhaa inayomfikia mkusanyaji wa kipato cha kawaida, hapa Toronto na kwingineko, ni jino la Spinosaurus kutoka tabaka za Kem Kem, kusini mashariki mwa Morocco. Meno haya ni halisi kwa maelfu, kwani mnyama huyo aliyabadilisha maisha yake yote. Wingi huo ndio unaowapotosha watu: wanadhani hakuna haja ya kughushi kitu cha bei nafuu. Lakini jino zima refu lina bei mara nyingi zaidi ya vipande viwili, na hapo ndipo gundi inapoingia. Lishike jino chini ya taa ya dirishani. Jino la Spinosaurus ni la mviringo kama koni, lenye michirizi myembamba inayotoka shinani kwenda nchani. Fuata mchirizi mmoja kwa ncha ya ukucha. Kama katikati unapotea ndani ya ukanda wa mchanga mwekundu kisha unaibuka upande wa pili umehama kidogo, uko kwenye kiungo. Mara nyingi ncha ni ya jino moja na shina ni la jingine, na ule mchanga “wa asili” ulioganda hapo ni mchanga uliochanganywa na gundi. Taa ndogo ya miali ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, itafanya gundi na plasta ing'ae rangi tofauti na enameli. Pamba yenye asetoni, dawa ile ya kufuta rangi ya kucha, hulegeza baadhi ya gundi na kufuta rangi iliyopakwa. Rezini ya kumimina huacha vipovu vya hewa vya duara. Jino halina vipovu.

Kutoka machimbo ya fosfeti ya Khouribga, Morocco hiyo hiyo, huja taya za mosasaria zenye meno yaliyopangwa vizuri mno. Meno ni ya kweli, taya ni mchanga na gundi. Katika biashara hii uongo hukaa kwenye kiungo mara nyingi kuliko kwenye kitu kizima, na ndiyo maana mtu hukagua meno, akaridhika, akalipa.

Hata wakubwa wamenaswa hapo. Mwaka 1999 jarida la National Geographic lilimtangaza Archaeoraptor, kisukuku kutoka Liaoning, China, kilichoonekana kuwa nusu ndege nusu dinosaria. Kilikuwa kimenunuliwa kwenye maonyesho ya mawe ya Tucson, Arizona, kwa dola 80,000. Mwanasayansi wa China Xu Xing akakutana na bamba la pili la jiwe lenye mkia ule ule, na mwili uliounganika nao haukuwa wa ndege bali wa dinosaria mdogo, ambaye sasa anaitwa Microraptor. Picha za mashine ya CT zilizochunguzwa na Timothy Rowe zikaonyesha vipande kadha wa kadha vilivyopangwa na kugundishwa. Sehemu zote zilikuwa visukuku halali. Mnyama mzima hakuwahi kuishi. Tena Novemba 2022, nyumba ya mnada ya Christie's iliiondoa mnadani Hong Kong mifupa ya Tyrannosaurus aliyeitwa Shen, siku chache kabla haijauzwa, baada ya kuhojiwa kiasi gani cha mifupa yake kilikuwa nakala za Stan, Tyrannosaurus mwingine ambaye Christie's hao hao walimuuza mwaka 2020 kwa dola milioni 31.8. Sina ugomvi na nakala. Mkusanyaji wa mshahara wa kawaida afadhali awe na nakala nzuri ya plasta inayojitambulisha kwa jina lake kuliko “halisi” ya kuungwa. Kosa ni kukaa kimya kuhusu idadi ya mifupa iliyotengenezwa.

Watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki walikuwa na sayansi hii ya kutenga halisi na cha kughushi kabla ya makumbusho yoyote kufunguliwa kwetu. Katika karne ya 19 Zanzibar ilisafirisha sandarusi, utomvu wa miti ulioganda, kwenda Salem huko Marekani, Hamburg na kwingineko kwa ajili ya vanishi. Sandarusi ya bei ilichimbwa ardhini Mrima, mahali ambapo miti yake ilikuwa imeshakufa na kuoza zamani. Utomvu mpya uliotoka kwenye mti ulio hai, chakazi, ulikuwa wa bei ya chini, na kulikuwa na faida kubwa kwa anayeweza kuuchanganya na ule wa kuchimba. Wafanyabiashara hawakutegemea maneno ya mleta mzigo. Waliiosha sandarusi kwa maji ya magadi hadi ganda la udongo litoke, wakatazama uso wake: ile iliyokaa ardhini muda mrefu huonyesha vijipele vidogo vilivyosambaa, ambavyo Wazungu walivifananisha na ngozi ya bata bukini, chakazi haina. Walipanga mafungu kwa uso, kwa rangi na kwa mahali ilipochimbwa. Ukitaka kujua kwa nini napendelea swali la mahali, mizizi yake iko hapo.

Na somo hilo lina kazi leo. Vipande vya sandarusi vyenye wadudu ndani huuzwa kama kaharabu “ya enzi za dinosaria”. Tone la asetoni hufanya uso wa sandarusi unate. Kaharabu iliyokomaa haishtuki. Sandarusi ya Afrika Mashariki ni changa mno kulinganisha na dinosaria, hata kama mdudu aliyemo ni mzuri kupindukia.

Swali la nne, la kilikotoka kitu, hujibiwa na lebo, na ushahidi mkubwa zaidi wa nguvu ya lebo uko katika makumbusho ya Royal Ontario, ROM, katikati ya mji wetu. Ukiingia ukumbi wa dinosaria utakutana na Gordo, Barosaurus wa urefu wa karibu mita 27. Mifupa yake ilichimbwa Utah mwanzoni mwa karne ya 20 na watu wa Carnegie Museum ya Pittsburgh. Mwaka 1962 mtunzaji wa ROM, Gordon Edmund, akaipata kwa kubadilishana vielelezo. Nafasi ya kuusimamisha mwili mkubwa namna hiyo haikupatikana, mifupa ikagawanywa kwenye rafu za ghala, na miaka ikapita hadi hakuna aliyekumbuka kwamba ile yote ni ya mnyama mmoja. Mwaka 2007 mtunzaji mpya, David Evans, alikuwa akitafuta dinosaria mwenye shingo ndefu wa kujaza ukumbi mpya, hata akasafiri hadi Wyoming kumtafuta. Akiwa njiani akasoma katika maandishi ya mtaalamu Jack McIntosh kwamba ROM ina Barosaurus. Akarudi ghalani, akafuata namba na lebo rafu kwa rafu, mnyama akapatikana. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa amesimamishwa. Fuvu lake ni la kutengenezwa, na sehemu nyingine pia, na makumbusho hayafichi.

Tafakari kilichotokea hapo. Mfupa wa paja ule ule, wenye matundu yale yale chini ya lenzi, ulikuwa kitu cha rafuni kwa miaka 45. Ulirudi kuwa sehemu ya mnyama kwa sababu mtu fulani zamani aliandika ulikotoka na mwingine akahifadhi namba. Mkusanyaji wa nyumbani anaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa kalamu na daftari. Kila kielelezo kiwe na namba, na daftarini paandikwe mahali kwa usahihi wote uliopo, tabaka kama linajulikana, tarehe, jina la aliyekitoa, na kila tengenezo lililofanywa. Pasipojulikana paachwe wazi. Wanunuzi wengi huona aibu kuacha nafasi tupu, wakaijaza kwa walichosikia kwa muuzaji, na ndivyo uvumi unavyogeuka historia.

Kanada imewapa wasio na shahada nafasi kubwa katika kazi hii, na hapa ndipo sheria inaposaidia elimu. Alberta, ambako ndiko dinosaria wa nchi hii waliko hasa, sheria inasema visukuku ni mali ya umma. Mtu anaweza kuokota kilicho juu ya ardhi kwa ruhusa ya mwenye shamba, lakini anakuwa mtunzaji tu. Hawezi kukiuza wala kukitoa nje ya jimbo bila kibali, na kuchimba ni kwa leseni ya watafiti. Wengine wangeona hapo mlango umefungwa. Matokeo yamekuwa kinyume. Wendy Sloboda, msaka visukuku hodari wa huko, aliona mfupa mwaka 2010, na mwaka 2015 Evans na Michael Ryan wakamtangaza mnyama mwenye pembe kwa jina lake, Wendiceratops. Mkulima John De Groot na mkewe Sandra walikuta vipande vya fuvu kando ya mto mwaka 2010. Mwaka 2020 vikawa Thanatotheristes degrootorum, ndugu wa Tyrannosaurus. Watu hawa waliweza kuingia katika historia kwa sababu mahali palijulikana na kilichopatikana kilipelekwa kwa wanaostahili kukisoma.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeziunganisha Alberta na Lindi, kusini mwa Tanzania. William Cutler, Mwingereza aliyehamia Kanada na kujifunza kazi ya mifupa kwa mikono yake, alichimba Alberta mnyama mwenye magamba ya mifupa ambaye baadaye aliitwa Scolosaurus cutleri. Mwaka 1924 makumbusho ya Uingereza yalimpeleka Tendaguru, kilima chenye mifupa ya dinosaria katika eneo la Lindi, pamoja na kijana Louis Leakey. Mwaka uliofuata malaria ilimuua, na akazikwa Lindi.

Tendaguru yenyewe ilikuwa imeshachimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini walioitoa mifupa ardhini walikuwa mamia ya wenyeji, wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani, ambaye ujuzi wake wa kuandaa mifupa Wajerumani wenyewe waliusifu. Zaidi ya tani 200 zilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Machimbo yalipewa herufi, na kila mzigo ukafuatiwa na kumbukumbu. Faida yake ilionekana karne moja baadaye. Kati ya mifupa hiyo kulikuwa na ya mnyama ambaye kwa miongo mingi aliitwa Barosaurus africanus, yaani ndugu wa Gordo wetu. Mwaka 2006 Kristian Remes aliipitia upya, akitumia zile herufi za machimbo kujua mfupa upi ulilala na upi, akaamua kuwa mnyama huyo anastahili jina lake mwenyewe la zamani, Tornieria. Mifupa iliyochanganywa bila herufi isingeweza kusahihishwa. Ingebaki na jina la Kimarekani milele.

Ndiyo maana mfupa unaotangazwa kuwa “wa Tendaguru” unanifanya niulize maswali makali kuliko jino lolote la Morocco. Uchimbaji mkubwa wa kilima kile ulikuwa wa makumbusho, wa Ujerumani kisha wa Uingereza. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na Kenya inalinda visukuku kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Kipande kilichoko mikononi mwa muuzaji kina njia chache tu halali za kufika hapo, na ni juu yake kuonyesha karatasi. Kesi ya mwaka 2012 ilionyesha mwelekeo: Tarbosaurus aliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni moja, na mwanapaleontolojia wa Mongolia, Bolortsetseg Minjin, akapiga kelele kwamba mifupa ya namna ile inatoka Mongolia, ambako kuitoa nchini ni marufuku. Karatasi za forodha zilikuwa zimetaja asili nyingine. Wataalamu waliikagua mifupa yenyewe wakakubaliana naye, na mwaka 2013 mnyama akarudishwa kwao. Kanada nayo ina sheria ya kuingiza na kutoa mali ya utamaduni, inayoiwezesha nchi iliyoibiwa kudai chake kilichoingizwa hapa.

Flemingdon Park imejaa watu wanaosafiri kwenda na kurudi Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bukavu. Familia nyingi za Kiismailia zilizofika hapa baada ya kufukuzwa Uganda mwaka 1972 bado zina ndugu pwani. Mjomba au shangazi anaweza kukuletea kwa mapenzi mema “jiwe la mjusi mkubwa” kutoka kusini. Usilikubali kabla halijapanda ndege. Mwambie alipige picha, aandike kijiji na jina la aliyeliokota, na alipeleke Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kama limeshafika na liko kabatini kwako, usilisafishe, usiligundishe, usilipake vanishi. Liandikie yote unayoyajua na jinsi ulivyoyajua, likague kwa lenzi kama nilivyoeleza, kisha wapelekee picha zake, za pande zote na zenye rula, watu wa ROM na wa Dar es Salaam. Usiwaulize bei, maana hiyo si kazi ya makumbusho. Waulize lilitoka tabaka gani, na kama wanadhani linatakiwa lirudi.